Kuinua Mguu Makaburini

Leo nimeadhirika. Na aliyeniadhiri si mtu, ni kifundo cha mguu wangu wa kulia.

Naandika mapema kwa sababu najua habari itawafikia tu. Imetokea Mtongwe, na Mtongwe habari haijazoea kukaa ndani. Afadhali muipate kwangu, haijatiwa chumvi, kabla hamjaambiwa kwamba Hamadi amempiga maiti teke. (Sikumpiga teke. Mguu ulikuwa umetulia. Kwa kiasi.)

Mnanijua, mimi si msemaji. Kwenye kikundi hiki kazi yangu ni kuandika "amin" na "hongera", basi. Nakaa mtaa wa Shika Adabu, nashona mapazia, nikimaliza nalala. Lakini leo lazima niseme, na ili mnielewe lazima nianze na jinsi mguu ulivyovunjika. Wengi wenu mliambiwa tu kwamba Hamadi ameanguka, na kwa kuwa zilikuwa siku za msiba mkaona haya kuuliza zaidi.

Nilianguka kaburini. Ndani yake, si kando yake.

Tulikuwa tunamzika mama, hapo Mtongwe alikokuwa akiishi na dada yangu Mwanajuma. Mimi ndiye mwanawe wa kiume wa pekee, kwa hivyo niliteremka pamoja na wajomba wawili kumpokea. Tukamlaza kwenye mwanandani, ile nafasi inayochimbwa ubavuni mwa kaburi, nikamwelekeza kibla, nikapanga mbao moja moja. Sikulia. Nilijiona nimekuwa mtu mzima kwelikweli. Halafu nikashika ukingo nipande juu, mchanga ukamomonyoka, nikarudi chini, na mguu ukaingia baina ya ubao na ukuta wa kaburi. Kitu kikalia. Nilidhani ni ubao. Nilipotazama, goti lilikuwa limeelekea kibla pamoja na sisi sote, lakini unyayo ulikuwa umegeuka, unatazama upande wa feri.

Makaburini hakuna machela. Kilichokuwapo ni jeneza tupu, lile lile lililomleta mama. Wakanipandisha juu yake. Hivyo ndivyo nilivyotoka mazikoni kwa mama yangu mzazi: nimekaa kitako juu ya jeneza, kanzu imejaa mchanga, nimeushika mguu kwa mikono miwili, wanaume wananibeba mbio mbio. Waliochelewa mazishi walikutana nasi njiani. Mzee mmoja alivua kofia, akaniangalia vizuri, akakaa chini palepale.

Nyuma yangu watu walibaki wakafukia. Mimi sikuona. Sikutupa zile konzi tatu za mchanga ambazo kila mtu hutupa, hata jirani, hata mpita njia. Wakati kaburi la mama linafungwa mimi nilikuwa nyuma ya gari naambiwa nisiuangalie mguu. Hilo ndilo lililoniuma wakati wote huu kuliko mfupa. Nikawa na haja moja tu: nifike kwake kwa miguu yangu, nikae naye kidogo, nimtupie mchanga wake.

Hospitalini waliniambia kifundo kimeteguka kikatoka mahali pake, na mifupa imevunjika pande zote mbili. Wakanidunga sindano ya usingizi, wakauvuta mguu mpaka ukarudi kutazama mbele kama mwenzake. Wakaufunga plasta nusu ili uvimbe upungue. Ulipopungua wakanipasua, wakatia bamba la chuma na skrubu, kisha plasta nzima na amri moja: usikanyage. Mwanajuma, ambaye haamini kwamba mfupa unaweza kupona bila mafuta, alimleta mkandaji na chupa yake ya mafuta ya nazi. Sisemi uongo, nilikuwa tayari. Maumivu hayana msimamo. Daktari akasema mfupa uliovunjika haukandwi. Yule mkandaji hakutaka kurudi bure, akanikanda mabega, ambayo yalikuwa yakiniuma kwa ajili ya magongo. Mabega yalipona vizuri sana.

Na kila nikitaja makaburi, Mwanajuma alikuwa na jibu moja. "Huko kuna mashimo. Umeshaingia moja, yatosha."

Plasta ilipotolewa nilikuta mguu wa mtu mwingine. Mwembamba, una magamba, kifundo kimekaza kama bawaba iliyoshika kutu. Wakanivisha kiatu kirefu cha mikanda, kile kinachofika karibu na goti, wakanipeleka kwa Bi Kerubo.

Bi Kerubo ndiye anayewafanyisha watu mazoezi ya viungo. Ametoka bara, yuko hapa miaka mingi, na Kiswahili chake hakina mapambo, anasema jambo likaisha. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika kwa mguu. Unakaa, unaunyosha mguu, unaandika herufi hewani kwa kidole gumba, mpaka zimalizike, ili kifundo kizunguke kote. Mimi nilianza alifu, be, te, kutoka kulia. Akaniangalia kwa muda, akauliza hiyo ni nini. Nikamweleza kwamba ni herufi za Kiarabu. Akasema niandike chochote ninachotaka, bora kifundo kizunguke. Aliposikia kwamba cherehani yangu ni ya kukanyaga alifurahi kuliko mimi, akasema kila pazia ni dawa.

Sasa ndiyo tunafika leo.

Asubuhi Bi Kerubo alinisimamisha mguu mmoja juu ya mizani, aone naweza kuutwika uzito kiasi gani. Akaridhika. Akaninyang'anya gongo moja, akasema mguu uko tayari, mwoga ni mimi. Halafu akanipa onyo.

"Utatembea, utafura. Ukifura usijifanye mwanaume. Lala chini, inua huo mguu juu kuliko kifua, dakika kumi na tano. Popote utakuwa."

Nikamuuliza, hata njiani?

"Hata kanisani."

(Mimi si wa kanisani, lakini nilimwelewa.)

Nikatoka pale nimechangamka kama mtu aliyefunguliwa. Leo ni Ijumaa. Nikaenda kuswali Mtongwe, nimekaa kitini nyuma pamoja na wazee, kisha badala ya kwenda kwa Mwanajuma kula nikaingia tuktuk, nikamwambia dereva anishushe makaburini. Sikumpigia mtu simu kuuliza kaburi liko wapi. Ningeulizaje? Nililiingia mwenyewe. Nilijua kwamba liko karibu na mwarubaini, upande wa ukuta. Makaburi mengi ya pale hayana majina, ni jiwe kichwani na jiwe miguuni, imetosha.

Nikauona mwarubaini. Na karibu nao nikaona kaburi jipya, mchanga mbichi umeinuka vizuri, matawi ya rehani, yale yanayonukia, yamekaukia juu yake. Kando palikuwa na tuta dogo la majani, basi. Moyo ukaniambia, ndipo hapa.

Kushuka chini kwa mguu mmoja na gongo si kazi. Kazi ni kupanda. Nikakaa mchangani, nikatoa salamu, nikasoma Yasini yote pole pole. Nikachota mchanga, nikatupa konzi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndipo nikalia. Nililia kwa sauti, peke yangu, vile ambavyo sikulia siku ile, na nilipomaliza nikahisi kifua kimekuwa chepesi. Nikaanza kuzungumza na mama. Nikamwambia kazi imeanza kurudi, na naweza kukanyaga cherehani tena. Nikamwambia leso yake ninayo, nimeitundika nyuma ya mlango na sijaifua, na Mwanajuma asiambiwe. Nikamwambia nakula, ila pilau ya Mwanajuma ina chumvi na hakuna mtu wa kumwambia. Nikamwambia jioni zimekuwa ndefu, kwa kuwa simu haiiti tena kuniuliza nimekula nini.

Ndiyo mambo ambayo mtu humwambia mamake. Hayana aibu, akiwa anayeambiwa ni mamake.

Sasa mguu. Nilikuwa nimekaa muda mrefu, mguu uko chini, na jua linapiga. Kiatu kikaanza kunibana kama mkate uliofura ndani ya mkebe. Nikalegeza mikanda, nikakivua, nikakiweka kando kwenye majani. Kifundo kilikuwa kimevimba, kinang'aa, mfupa hauonekani wala mshipa. Nikamkumbuka Bi Kerubo. Popote.

Lakini mguu unainuliwa juu ya nini? Mwarubaini ulikuwa na sungusungu, wanapanda na kushuka kama watu wa feri. Ukuta, bila kiatu, haufikiki. Kitu kilichokuwa karibu, tena cha kimo kile kile anachokitaka Bi Kerubo, ni jiwe la miguuni mwa kaburi.

Nitasema ukweli. Nilijua si adabu. Sikudanganyika hata kidogo. Lakini nilijisemea, huyu ni mama. Nilipokuwa mtoto nikirudi kutoka mpirani nimeteguka, alikuwa akiuvuta mguu wangu akauweka mapajani mwake, hata kama una tope. Nikamwomba. Nikasema, mama, niwie radhi, ni dakika kumi na tano tu. Nikalala chali mchangani, nikauinua mguu, nikaweka kisigino juu ya jiwe.

Raha niliyoipata siwezi kuwaeleza. Uvimbe ulianza kushuka nausikia. Upepo ukapita baina ya vidole. Nikafumba macho, nikaweka mikono kifuani. Na kwa kuwa mguu ulikuwa juu na hauna kazi, nikaona nifanye mazoezi kabisa. Alifu. Be. Te.

Nilikuwa nimefika kwenye kafu nikasikia kwamba kuna watu wamesimama.

Sauti ya mwanamume ilikuwa ikisoma Ayatul Kursi, chini chini, kwa haraka. Kisha sauti ya mwanamke ikamkatiza. "Abubakari, nyamaza. Huyo ni mtu. Maiti gani amevaa saa?"

Nikafungua macho. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa buibui, ameshika dumu dogo la maji. Kando yake mwanamume mwenye kanzu na koti, amekumbatia rehani mbichi kama ngao.

"Assalamu alaikum, wewe uliyelala," akasema yule mwanamke.

"Waalaikumu salamu." Nilijibu nimelala, maana kuinuka kwangu si jambo la ghafla.

"Mguu huo ni wako?"

"Ni wangu."

"Na hapo ulipouweka wapajua?"

"Napajua. Ni kwa mama yangu."

Wakatazamana. Yule Abubakari akazungumza pole pole, kama unavyozungumza na mtu ambaye hujui ameshika nini.

"Hapo, ndugu yangu, ni kwa baba yetu."

Mguu ulikuwa wa kwanza kuelewa. Uliacha kuandika.

"Tena si baba tu," akaongeza dada yake, ambaye jina lake nilikuja kujua ni Bi Rukia. "Huyo ni Maalim Omari. Kasomesha chuo cha Qur'ani hapa Mtongwe mpaka akasomesha wajukuu wa wanafunzi wake. Mtoto akisahau sura alikuwa hamchapi. Alikuwa akimchapa aliyenyosha miguu mbele ya msahafu."

Nikahisi vidole vya mguu vinaona haya kimoja kimoja.

"Watoka wapi wewe?" akauliza Abubakari.

Hapo nilitamani ningekuwa mkazi wa mtaa mwingine wowote.

"Shika Adabu."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha.

Nikaamua kuinuka upesi, kwa heshima. Kosa. Bi Kerubo alinifundisha mpango wake: gongo kwanza, halafu mguu mzima, mguu mbovu mwisho. Mimi nikavitoa vyote pamoja. Nilisimama kwa muda wa kusema bismillahi, gongo likazama mchangani, nikapepesuka, mkono ukalipiga dumu la Bi Rukia, maji yote yakanimwagikia mimi, na katika kutafuta cha kushika nikashika kilichokuwa karibu. Jiwe. Jiwe likang'oka. Nikaanguka kitako, mguu mbovu nimeuinua hewani (huo angalau niliulinda), na jiwe la miguuni la Maalim Omari nimelipakata kifuani kama mtoto mchanga.

Nikabaki hivyo. Maji yananichuruzika ndevuni.

"Huyu," Abubakari akamwambia dada yake, "amekuja kumaliza kazi."

Akaniambia niliweke jiwe chini, nivae kiatu changu, nitoke. Kama namtaka mama yangu nirudi siku nyingine na mtu mwenye akili timamu wa kunishika mkono. Alisema bila kelele, na hakuwa na makosa. Lakini mimi nilijua hakuna siku nyingine ya karibu. Mwanajuma akisikia haya, gongo langu litafungiwa kabatini. Nitakuwa nimefika hatua chache kutoka kwa mama na nikarudi bila kumwona, mara ya pili.

Basi nikasema. Nimesema leo kuliko nilivyosema mwaka mzima. Nikawaeleza jinsi nilivyoanguka kaburini, jeneza, chuma na skrubu, Bi Kerubo na popote yake. Nikawaambia sikuja kumdharau mzee wao. "Nilikuja kumtupia mama mchanga, nikamtupia mtu mwingine, na sasa mama yangu simjui yuko wapi." Nilikuwa bado nimelipakata jiwe.

Abubakari akautazama mchanga wa kaburi la baba yake.

"Umetupa mchanga hapa?"

"Konzi tatu."

"Na umesoma?"

"Yasini."

"Yote?"

"Yote. Kwa nia ya mama."

Akafikiri, akasema basi thawabu zimekwenda kwa mama yangu, kwa sababu inayoangaliwa ni nia. Bi Rukia akasema thawabu sawa, lakini sauti ilipitia kwa baba kwanza. Akaniuliza kama nasoma vizuri. Nikamwambia kiasi changu.

"Basi alikuwa akikukosoa tangu aya ya kwanza," akasema.

Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaadhirika, sikuona haja ya kubakiza kitu. Nikakiri kwamba si Yasini tu. Nilimweleza marehemu na mambo ya nyumbani.

"Mambo gani?" akauliza Bi Rukia.

Nikamtajia.

"Umemwambia baba yangu kwamba pilau ya dada yako ina chumvi?"

"Ndiyo."

"Na leso hujaifua?"

"Sijaifua. Lakini Mwanajuma asiambiwe."

Hapo Bi Rukia alikaa chini mchangani. Akaushika ukingo wa buibui akauweka mdomoni, na akacheka mpaka akatokwa na machozi, kisha yakawa machozi ya kweli, kisha akacheka tena. Abubakari alijaribu kujizuia. Alitazama ukuta, alitazama mwarubaini, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Baadaye aliniambia kwamba tangu mzee aondoke, nyumbani kwao hakuna aliyecheka. Watu wanatembea kwa ncha za vidole, na akiwasili mgeni wanashukuru kwa kuwa wana mtu wa kumpikia chai.

Bi Rukia alipopata pumzi akaniuliza mama yangu ni nani.

"Mwanakombo. Aliyekuwa akichoma vitumbua."

"Mwanakombo?" Akajifuta macho. "Si huyo hapo."

Akanyosha kidole. Nikageuka. Pale kando, kwenye lile tuta dogo la majani, kilikuwa kimesimama kiatu changu cha mikanda, wima, kama kimeenda ziara peke yake. Kumbe mguu nilimwekea Maalim, na kiatu nikamwekea mama.

Nikabisha. Nikasema haiwezi kuwa, kaburi la mama ni jipya.

"Lilikuwa jipya," akasema Bi Rukia, na safari hii hakuwa na mzaha. "Mvua imenyesha tangu hapo, mwanangu. Kwani ulitaka majani yasiote?"

Kwangu mimi mama alikuwa amezikwa juzi. Nilikuwa kitandani nimetazama dari, na siku zote hizo nilimwona chini ya mchanga mbichi. Haikunijia akilini kwamba huku nje mvua inanyesha juu yake na majani yanaota. Na yalikuwa majani mazuri, mafupi, ya kijani. Mama angeyapenda. Alikuwa hapendi mahali pakavu.

Abubakari akalipokea jiwe kutoka kifuani mwangu, akalirudisha mahali pake, akalishindilia kwa mikono. Kisha akanishika makwapani akanihamisha. Akaniuliza kama zile dakika kumi na tano za Bi Kerubo zilikuwa zimeisha. Nikamwambia sidhani.

"Zimalize, basi. Lakini si juu ya mtu."

Akaligeuza dumu tupu, akakunja koti lake, akaliweka juu ya dumu, na yeye mwenyewe akauinua mguu wangu akaulaza hapo, kwa uangalifu, kama anashika yai. Nikalala ubavuni mwa mama, mama mwenyewe sasa, kiatu nimekiondoa juu yake. Bi Rukia akazigawa rehani, nusu kwa babake, nusu kwa mamangu. Nikachota mchanga upya. Abubakari akaanza kusema kwamba kaburi likishafukiwa hakuna haja. Bi Rukia akamwambia amwache mtu. Nikatupa juu ya majani, mara tatu, na majani yakautikisa mchanga ukaingia chini taratibu.

Halafu Abubakari akawasomea Yasini wote wawili, na mimi nikafuata. Kila baada ya aya chache alinisimamisha akanikosoa, nikarudia. (Kafuata babake.) Safari hii sikulia. Nilikuwa mtu aliyelowa, mguu hewani, nasoma na watu ambao muda mfupi kabla sikuwajua, na nilikuwa nimetulia kuliko siku yoyote tangu msiba.

Wakanipeleka mpaka barabarani, mmoja kila upande. Nilipofika nyumbani nilimpigia Bi Kerubo, kwa kuwa kuanguka ni kuanguka. Akaniuliza kama vidole vinacheza. Vinacheza. Kama kuna maumivu mapya. Hakuna, ila ya kitako. Akasema nipumzike, nirudi Jumatatu auangalie. Kisha akataka kujua uvimbe ulinishika wapi na kama niliinua mguu alivyoniambia. Nikamwambia niliinua. Nikamwambia na mahali.

Nikasikia kalamu ikiwekwa chini.

"Nilisema popote," akasema. "Sikujua uko na popote ya namna hiyo."

Sasa hivi mguu uko juu ya mto, umelala vizuri, hauna neno. Ijumaa ijayo nimealikwa tena huko huko. Bi Rukia amesema atakuja na mkeka, na Abubakari amesema nije na Yasini niliyoidurusu.

Mwanajuma hayumo kwenye kikundi hiki. Tafadhali abaki hivyo hivyo.

Na nyinyi msicheke. Najua mtacheka. Basi chekeni, mkimaliza wasomeeni Fatiha mbili, moja ya mama na moja ya Maalim, na mnaosoma mmenyosha miguu, ikunjeni kwanza.